Mkanda wa jeshi unapofunga mkojo na choo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya mengi huulizwa kwa sauti ya chini, kwenye korido, daktari akishaondoka. Mtu yuko tayari kueleza maumivu ya mkanda wa jeshi mbele ya wodi nzima, lakini kusema kwamba tangu jana hajakojoa, au kwamba choo kimemtoka kitandani, anaona heri anyamaze. Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, na nimeandika majibu haya kwa ajili ya huyo anayenyamaza na ndugu anayemuuguza. Kama mgonjwa wako hajapata mkojo tangu asubuhi na tumbo la chini limejaa na linauma, acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi. Haya mengine utayakuta baadaye.

Vipele viko kwenye ngozi. Vinahusiana nini na mkojo na choo?

Mkanda wa jeshi ni ugonjwa wa neva ambao huonekana kwenye ngozi. Unaletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga. Ukishapona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini. Vinajificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo na kukaa kimya miaka mingi. Kinga ya mwili ikishuka, kwa umri, kwa maradhi au kwa dawa fulani, virusi huamka katika kifundo kimoja na kufuata neva yake mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana vipele hukaa upande mmoja tu wa mwili.

Sasa, neva zinazotoka chini kabisa ya mgongo, ambazo madaktari huziita S2, S3 na S4, zina kazi zaidi ya moja. Ndizo zinazopeleka hisia za makalio, msamba na sehemu za siri. Ndizo pia zinazokiambia kibofu kikaze ili mkojo utoke, na ndizo zinazoongoza sehemu ya mwisho ya utumbo mpana pamoja na misuli inayofunga njia ya haja kubwa. Virusi vikileta uvimbe hapo, kibofu hulegea: hakisikii kwamba kimejaa, na hata kikijaa hakikazi. Wakati mwingine malengelenge yenyewe hutokea kwenye ukuta wa ndani wa kibofu, na hapo mtu hukojoa mara kwa mara kwa maumivu, pengine na damu. Mara chache zaidi uvimbe huingia kwenye uti wa mgongo wenyewe. Hilo ni zito, na dalili zake nimezieleza kwenye swali la dharura.

Mkanda wangu uko kifuani. Niogope?

Kwa upande wa mkojo, hapana. Wagonjwa wengi hupata mkanda kifuani na mgongoni, na neva za huko haziendeshi kibofu. Ukipanda usoni, tunachohofia ni jicho. Wa tumboni na kiunoni huweza, kwa nadra sana, kulegeza utumbo mpana mpaka tumbo likajaa na kukaza kana kwamba limeziba. Hofu ya mkojo na choo ni hasa pale vipele vinapotokea kwenye kalio, msamba, sehemu za siri au nyuma ya paja.

Baba yangu mzee hakubali nimtazame makalio. Nifanyeje?

Kwangu mimi hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu.

Mzee mmoja aliletwa na binti yake kutoka Mbagala, mkojo umemfunga. Umri wake ulikuwa umepita sabini, kwa hiyo kila mtu alifikiria tezi dume, na mpira wa mkojo ukawekwa. Jioni mkewe alipokuja kumbadilisha kikoi, akauliza kama vile vipele vya kalioni vimeshapewa dawa. Vipele gani? Tulipomgeuza tukakuta kalio la kushoto lina mafungu ya malengelenge, mengine yameanza kukauka, na juu yake pamebandikwa majani yaliyopondwa. Mzee mwenyewe hakuona kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Binti hakujua lolote, na asingeweza kujua, kwa kuwa mila za wengi wetu hazimruhusu binti kumfunua baba yake, sembuse mkwe.

Basi usimlaumu mzee, wala usijilaumu. Tafuta anayeruhusiwa: mke, kaka yake, mjukuu wa kiume, au mtani ambaye wamezoeana. Asipopatikana, mwambie daktari au muuguzi maneno haya tu: "Sijamwona huku nyuma, naomba mmgeuze mmtazame." Unaweza pia kuomba atazamwe na muuguzi wa jinsia yake. Ni ombi la kawaida, na hakuna wa kukucheka.

Dalili zinaanzaje?

Mara nyingi hutangulia maumivu ya kuchoma, kuwasha au ganzi upande mmoja wa kalio au paja, siku chache kabla ya vipele. Kisha vipele hutoka, vinajaa maji, na ndani ya siku kadhaa mkojo huanza kusumbua: unasimama muda mrefu bila kutoka, unatoka kwa nguvu ndogo, au unajikuta huna hamu ya kukojoa kutwa nzima ingawa umekunywa maji ya kutosha. Kwa upande wa choo, kwa kawaida ni kukosa choo, au kutohisi kinapopita.

Mpangilio huo haufuatwi daima. Kuna watu ambao mkojo hufunga kwanza na vipele hutoka baadaye. Kwa hiyo mkojo ukikufunga bila sababu inayojulikana, endelea kujikagua ngozi hata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kioo kidogo cha mkononi kinatosha.

Mbona nakojoa kidogo kidogo kila mara? Si ina maana kibofu kinafanya kazi?

La. Kibofu kilichojaa kupita kiasi humwaga kile kinachofurika tu. Mtu hutoka na matone, analowa nguo, anaenda chooni kila baada ya muda mfupi, na bado ndani amebakiwa na mkojo mwingi. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba kama mililita 400 hadi 500. Kilichofungwa huweza kufikia lita moja na zaidi. Weka kiganja chini ya kitovu. Ukigusa kitu kigumu, cha duara, na ukikibonyeza unasikia uchungu au kubanwa, hicho ni kibofu. Tahadhari: neva zikiwa zimekufa ganzi, kinaweza kujaa bila kuuma hata kidogo, kwa hiyo kukosa maumivu kusikutulize.

Si U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) tu jamani?

Mjini hapa kila shida ya mkojo huitwa U.T.I., na mtu akishapewa jina hilo huzunguka na antibayotiki kutoka duka moja la dawa hadi jingine. Antibayotiki haigusi virusi vya mkanda wa jeshi. Ni kweli kwamba mkojo uliokaa ndani muda mrefu huweza kuleta maambukizi ya bakteria, na hapo dawa hizo zitahitajika, lakini shina la tatizo litakuwa bado lipo. Kwa wanaume watu wazima jina linalotajwa haraka ni tezi dume. Kwa anayekojoa damu, hasa aliyekulia palipo na kichocho, daktari atataka kukipima pia. Yote hayo yanawezekana, na tena mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Kitakachomsaidia daktari kutofautisha ni wewe kumwambia kuna vipele, viko wapi, na vilianza lini.

Virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, vinavyoambukizwa kwa ngono, navyo huweza kufunga mkojo kwa njia inayofanana. Daktari aliyeandika kuhusu hali hiyo mwaka 1931 aliitwa Charles Elsberg wa New York, na mpaka leo inabeba jina lake. Kwa hiyo ukiulizwa habari za ngono usione unadhalilishwa.

Ni dharura kiasi gani, na niende wapi?

Kushindwa kukojoa kabisa ni dharura ya siku hiyohiyo. Mkojo ukirudi nyuma unaumiza figo, na kibofu kilichovutwa mno huchelewa kupona. Usisubiri kupambazuke, wala usisubiri mjomba mwenye gari atoke kazini. Vituo vingi vya afya vinaweka mpira wa mkojo, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, hupokea dharura usiku na mchana. Pikipiki na kibofu kilichojaa havipatani. Tafuta bajaji au teksi.

Nenda haraka zaidi kama kuna mojawapo ya haya: miguu inaishiwa nguvu au inajikwaa, ganzi imeenea pande zote mbili za makalio na msamba, mgongo unauma sana, homa kali yenye kutetemeka, tumbo limevimba na kukaza, unatapika, na hata hewa haitoki. Miguu na ganzi ya pande mbili ndizo zinazotufanya tuhofie uti wa mgongo. Uti huo unaweza kuwa umeshambuliwa na virusi, lakini pia unaweza kuwa umebanwa na diski, na uvimbe au na kifua kikuu cha mifupa, na baadhi ya hayo yanataka upasuaji wa haraka. Hapo utahitajika uchunguzi wa MRI, na kwa kawaida utapewa rufaa kwenda Muhimbili.

Hospitali watanifanya nini?

Watakuuliza, watakutazama, watabonyeza tumbo. Watapima nguvu na hisia za miguu, na pengine daktari ataingiza kidole chenye glavu kwenye njia ya haja kubwa na kukuambia ubane. Kipimo hicho huwaudhi watu, lakini ndicho kinachoonyesha kama neva za S2 hadi S4 bado zinafanya kazi. Altrasaundi itaonyesha mkojo uliobaki baada ya kukojoa. Ukibaki chini ya mililita 50 ni vizuri. Ukizidi 200, kibofu hakimalizi kazi.

Kisha mpira. Sehemu inasafishwa, inapakwa jeli yenye ganzi, na mpira mwembamba unapitishwa taratibu mpaka mkojo uanze kutiririka kwenye mfuko. Puto dogo la maji mwishoni mwa mpira ndilo linaloushikilia usitoke. Unapoingizwa utahisi kuungua na kubanwa, dakika chache tu. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi wakati huo, na sababu ni nafuu: mtu amekaa na lita nzima ndani tangu juzi, kisha kwa mara ya kwanza anavuta pumzi mpaka tumboni. Mwombe anayekuwekea aangalie vipele viko wapi, asivitoboe anaposafisha.

Dawa za virusi ni zipi?

Inayopatikana zaidi ni asaikloviri. Kwenye boksi utaona imeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Kwa mkanda wa jeshi, mtu mzima mwenye figo nzima hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7, na inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele kutokeza. Kama saa hizo zimepita lakini mkojo umefunga au vipele vipya bado vinatoka, madaktari huianzisha hata hivyo. Wenye kinga dhaifu sana, au ambao uti wa mgongo umeguswa, hulazwa na kupewa kwa mshipa.

Kosa ninaloliona madukani ni dozi. Mtu hupewa miligramu 400 mara tatu kwa siku, kipimo ambacho hutumika kwa malengelenge ya sehemu za siri, na kwa mkanda wa jeshi hakitoshi. Kosa la pili ni kuuziwa krimu peke yake. Ya kupaka haifiki kwenye neva. Nenda na cheti cha daktari, kunywa maji ya kutosha, na kama una ugonjwa wa figo sema kabla ya kidonge cha kwanza kwa sababu dozi lazima ipunguzwe.

Dawa za maumivu zimenifunga choo. Niziache?

Usiziache kimya kimya, rudi kwa aliyekuandikia. Maumivu ya mkanda yanakesha na mtu, na yanastahili dawa. Ila tramadoli na kodeini hufunga choo, na amitriptilini, inayosaidia sana maumivu ya neva, huweza kufunga choo na kuzuia mkojo pia. Hata Piriton inayonunuliwa kwa ajili ya muwasho huweza kuzuia mkojo, hasa kwa mzee mwenye tezi dume. Kwa mgonjwa ambaye neva za kibofu zimeshashambuliwa, dawa hizo huongeza mzigo. Mara nyingi daktari atabadilisha, atapunguza dozi, au ataongeza ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Choo kimegoma siku kadhaa. Nile nini, ninywe nini?

Maji kwanza, isipokuwa kama daktari amekuzuia kwa sababu ya moyo au figo. Kisha mboga: mchicha, matembele, bamia, papai bivu, maharage, na ugali wa dona badala ya sembe. Ikipita nusu saa hivi baada ya kula, nenda ukae chooni, kwa sababu tumbo likipata chakula utumbo huamka. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia, lakini kama miguu imelegea au kalio lina vidonda tumia cha kukaa, weka kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande.

Kama havitoshi, kuna sirapu ya laktulosi na vidonge vya sena au bisakodili. Dawa kali za kienyeji za kuharisha ziache kabisa, hasa tumbo likiwa limevimba. Choo kilichoganda kwenye njia ya haja kubwa hukandamiza kibofu na kuzuia mkojo. Nimeona mkojo ukifunguka baada ya choo kutolewa.

Choo cha majimaji kinanitoka bila kujua. Nanunua dawa ya kuzuia kuharisha?

Subiri, usinunue. Mara nyingi hicho si kuhara. Choo kigumu kimekaa mbele, majimaji yanapita pembeni yake, na kwa kuwa misuli ya kufunga imelegea hayazuiliki. Dawa ya kuzuia kuharisha itazidi kugandisha kilichoganda. Apimwe kwanza kwa kidole. Huku nyumbani, safisha kwa maji bila kusugua, kausha kwa kugusa kwa kitambaa laini, paka mafuta mazito kwenye ngozi isiyochubuka iliyo jirani na vidonda, na badilisha nguo mara moja. Joto la Dar na unyevu huchubua ngozi haraka sana.

Nitaishije mjini na mpira wa mkojo?

Kwa siku hizo unaishi, na watu wanaishi. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, usiguse sakafu, na umwagwe kabla haujajaa. Omba mfuko mdogo wa kufunga pajani. Ndani ya gauni, dera, kanzu au suruali pana hakuna atakayejua, hata ukiwa kwenye mwendokasi. Nawa mikono kabla na baada ya kuushika. Osha mpira unapoingilia mwilini kwa maji na sabuni kila siku. Antibayotiki za "kuzuia" hazihitajiki mradi huna homa wala dalili nyingine.

Wengi huuliza habari za ibada. Kwa Waislamu, mtu asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru: hutawadha wakati wa kila swala unapoingia na kuswali hivyo hivyo. Kufunga Ramadhani nako kuna ruhusa kwa mgonjwa, na dawa ya mara tano kwa siku inahitaji maji. Zungumza na shehe wako, lakini usiache dawa kabla hujamuuliza.

Kibofu kitarudi kama zamani?

Kwa wengi, ndiyo. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kati ya nne na nane, na hurudi pole pole. Baada ya muda mpira hutolewa kwa majaribio: unakojoa, kisha kilichobaki kinapimwa. Ukishindwa, unarudishiwa na kupangiwa tarehe nyingine, na kushindwa mara ya kwanza hakumaanishi umeshindwa moja kwa moja. Wengine hufundishwa kujipitishia wenyewe mpira mwembamba safi mara kadhaa kwa siku na kuutoa, njia ambayo ina maambukizi machache kuliko kubaki na mpira muda wote. Kliniki usiikose hata kama unajisikia umepona.

Nina miaka thelathini tu. Kwa nini nimepata?

Kapime VVU. Nasema hivyo bila kukuhukumu. Mkanda wa jeshi kwa kijana huweza kuwa dalili ya mapema ya VVU, na kwa hapa kwetu hakuna sababu ya kukisia wakati kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Wapo wengi wenye mkanda na majibu yao ni hasi. Ikiwa ni chanya, utaanzishiwa dawa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) na kinga itapanda. Na kama umeanza ARV, yaani dawa hizo za VVU, miezi ya karibuni kisha mkanda ukatokea, usikate dawa: kinga inapoamka, mkanda huweza kujitokeza. Kisukari, saratani na prednisoloni ya muda mrefu nazo hushusha kinga.

Ni kweli vipele vikizunguka vikakutana mtu anakufa?

Si kweli. Wala si kurogwa, wala hujakojolewa na mdudu. Vipele vinavyovuka pande mbili au kuenea mwili mzima ni dalili ya kinga dhaifu na vinahitaji hospitali, lakini hakuna duara la kifo. Mafuta ya taa, dawa ya meno na majivu huunguza na kuingiza uchafu kwenye vidonda, tena mahali palipo karibu na njia ya haja.

Naweza kuwaambukiza wa nyumbani?

Huwezi kumpa mtu mkanda wa jeshi. Ila maji ya malengelenge huweza kumpa tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Mpaka vikauke na kufanya magamba, funika vipele, usichangie taulo wala khanga, na kaa mbali na mjamzito ambaye hajawahi kuugua, kichanga, na mwenye kinga dhaifu. Tendo la ndoa lisubiri ngozi ipone.

Kuna chanjo? Na unaweza kurudi?

Unaweza kurudi, ingawa kwa wengi hutokea mara moja. Chanjo ipo: Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, sindano mbili zinazopishana miezi 2 hadi 6, hasa kwa wenye miaka 50 na kuendelea na kwa watu wazima wenye kinga dhaifu. Inakinga, haitibu mkanda ambao umeshatoka. Ulizia kwenye hospitali kubwa unakotibiwa, na ukiwa na ugonjwa unaoshusha kinga, uliza siku ileile ya kliniki yako ya kawaida.